Kila Mwangwi Una Kwao

[Taa zilizimwa. Kwa dakika mbili ilisikika sauti nzito isiyo na mapigo, ikishuka na kupanda polepole.]

Ndugu zangu nyote, asanteni kwa kukaa kimya dakika mbili bila kuambiwa mnasubiri nini.

Nilikuwa nawatazama kutoka pale mlangoni. Mama mmoja alifumba macho. Kijana wa safu ya nyuma aligeuka huku na huku akitafuta sauti inatokea wapi. Mzee mmoja alinong'ona kwamba anasikia kinanda cha kanisani, na jirani yake akamwambia la, ni watu wengi wanaomba kwa mbali. Humo hamna kinanda wala mtu. Mlichosikia ni mashine ya kusaga.

Ni mashine ya mtaani kwetu, hiyo hiyo inayotusagia dona. Niliirekodi saa nne asubuhi, siku foleni ya ndoo ilipofika barabarani. Katika rekodi ya nusu saa nilikata sekunde 6, nikazinyoosha kwa kompyuta mara 20, zikawa dakika mbili. Msagaji akimimina mahindi, mota huelemewa kidogo na sauti yake ikashuka; mahindi yakipungua, inajiinua tena. Ukiwa kwenye foleni huyasikii hayo, maana yanapita upesi na akili yako iko kwenye ndoo. Yakinyooshwa, yanakuwa wimbo. Mimi nimelelewa ukuta kwa ukuta na mashine kama hiyo. Huenda ndio wimbo wa kwanza nilioujua duniani, na ilipita miaka thelathini kabla sijatambua kuwa ni wimbo.

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili. Upepo huvuma, nyuki huvuma, bahari huvuma, ngoma huvuma, hata jina la mtu huvuma. Basi nitauita muziki wa mvumo: muziki unaoshika sauti moja, au chache, kwa muda mrefu kupita desturi, hadi sikio linaacha kungoja kitakachofuata na kuanza kusikia kilichopo. Siku hizi vijana wengi wanautengeneza vyumbani mwao, kwa kompyuta, programu za bure na rekodi walizozichukua nje. Nimeombwa nieleze unavyotengenezwa. Nitaeleza. Lakini ndani ya maelezo hayo nimebeba neno moja ninalotaka mwondoke nalo, kwa sababu linaniuma: hizi efekti tunazozibonyeza kwa kidole zina kwao. Kila mwangwi ulitoka mahali fulani, na asiyejua mwangwi wake unatoka wapi anaishi katika nyumba ya mtu bila kujua.

Nianze na historia, kwa ufupi pale inapojulikana na kwa urefu pale inaposahauliwa.

Mwaka 1960 Mmarekani La Monte Young aliandika utungo wenye noti mbili tu, pamoja na agizo kwamba zishikwe kwa muda mrefu. Mfaransa Éliane Radigue alikaa miaka mingi na sinthesaiza moja, ARP 2500, akigeuza vitufe vyake taratibu kiasi kwamba msikilizaji hawezi kusema ni lini sauti ilibadilika. Kazi yake kubwa, Trilogie de la Mort, inachukua takriban saa tatu. Mwingereza Brian Eno, mwaka 1975, alikuwa amelala kitandani baada ya kugongwa na gari. Rafiki alimwekea santuri ya kinubi, sauti ikawa ndogo mno, naye hakuweza kuinuka kuiongeza. Nje mvua inanyesha. Kinubi na mvua vikachanganyika, na humo akapata wazo la muziki ambao ni sehemu ya chumba kama mwanga ulivyo. Miaka michache baadaye akatoa Music for Airports.

Hao wanajulikana, na kila kitabu kinawataja. Ninayetaka tukae naye kidogo ni Halim El-Dabh.

El-Dabh alizaliwa Cairo mwaka 1921 na alisomea kilimo. Mwaka 1944 aliazima kwenye ofisi za redio mashine nzito ya kurekodia, ya wakati ule, iliyohifadhi sauti kwenye waya mwembamba wa chuma. Tepu za plastiki zilikuwa bado hazijaenea. Akaibeba hadi kwenye sherehe ya zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo. Watu wa pwani hapa hamhitaji nieleze zaidi, maana ngoma za pepo tunazo. Alirekodi sauti za wanawake wakiimba. Kisha akaingia studio, akazipitisha katika chumba cha mwangwi ambacho kuta zake zilisogezwa, akarekodi tena, akachuja sauti ya msingi ya waimbaji, ikabaki ile mivumo myembamba inayopaa juu ya kila sauti ya mtu. Maneno yakatoweka. Kipande kilichosalia ni cha dakika mbili hivi, nacho ukikisikiliza leo kwa hedifoni nzuri utadhani kimetengenezwa wiki iliyopita.

Tazameni tarehe. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, ambaye vitabu humtaja kuwa baba wa muziki wa sauti zilizorekodiwa, alikwenda kurekodi treni katika kituo cha Batignolles mjini Paris mwaka 1948. Cairo ilitangulia kwa miaka minne. Silisemi hili ili tugombee kombe. Nalisema kwa sababu vijana wetu huniambia, "Mwalimu, huu si muziki wetu." Mimi huwajibu kwa El-Dabh, na huwajibu pia kwa mpiga zumari, anayejaza mashavu hewa ili avute pumzi puani huku zumari likiendelea kulia bila kukatika. Na kwa Wagogo. Katika ilimba yao kubwa kuna vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vipo ili vitetemeke vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Tundu la kasha huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mkwaruzo, ivume. Fundi wa Kigogo alitengeneza efekti kwa buibui. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliibeba sauti hiyo duniani, na mwaka 2002 alitoa albamu iitwayo Assembly na Mkanada Michael Brook, mtu wa magitaa ya umeme na mivumo. Ukiisikiliza, huwezi kusema kwa urahisi wapi ilimba inaishia na wapi mashine inaanzia.

Tuingie sasa jikoni.

Kompyuta huifanyia rekodi mambo mengi, lakini kwa mvumo matatu ndiyo yanayobeba kazi: kunyoosha, kusaga, na kuiweka sauti ndani ya mahali.

Kunyoosha ndiko mlikokusikia. Zamani ukipunguza mwendo wa tepu kwa nusu, sauti inakuwa ndefu mara mbili na inashuka oktavu moja, haiwezi kurefuka bila kuwa nzito. Kompyuta imetenganisha mambo hayo mawili. Programu iitwayo Paulstretch, aliyoiandika Mromania Nasca Octavian Paul, hukata sauti katika vipande vinavyopandiana, kila kimoja mathalani robo sekunde. Hupima ndani ya kila kipande ni masafa gani yapo na kwa nguvu gani. Nguvu zile inaziacha kama zilivyo, lakini mpangilio wa mawimbi, yaani lipi linaanza kupanda wakati lipi linashuka, inauvuruga makusudi. Halafu inavishona upya vikiwa vimetawanyika. Kwa kuwa mpangilio umevurugwa, mgongo wa kila pigo huvunjika: mlio wa kofi hauna tena mwanzo, unakuwa wingu. Ipo ndani ya Audacity, programu ya bure ambayo wengi wenu mnayo.

Ni chombo kitamu, na utamu wake ndio hatari yake. Mwaka 2010 wimbo wa Justin Bieber ulipunguzwa mwendo mara nane kwa programu hii, na mamilioni wakashangaa kusikia kitu kama kwaya ndani ya kanisa kuu. Nami nilishangaa. Kisha nikajaribu taarabu, nikapata kanisa lile lile. Nikajaribu matangazo ya redio: kanisa. Kelele za daladala: kanisa. Ndipo nilipojua kwamba sikuwa nasikia nyimbo. Nilikuwa naisikia programu. Ndiyo maana mashine ya kusaga niliinyoosha mara 20 baada ya kujaribu mara 8, mara 50 na mara 100. Kwenye 100 mahindi yalikuwa yamekwisha kutoweka, kushuka na kupanda kwa mota hakusikiki tena, umebaki moshi mtupu. Kwenye 8 bado ilikuwa mashine. Kwenye 20 ni mashine inayoota. Kipimo hicho hukipati kwenye kitabu, unakipata kwa kurudi kusikiliza rekodi ya asili kila baada ya jaribio, ukijiuliza kama ile ya asili na iliyonyooshwa bado zinajuana.

Kusaga ni kukata sauti katika chembe ndogo mno, za sehemu moja hadi mia moja za elfu ya sekunde, na kuzimwaga kwa maelfu, zikipishana, zikirudiarudia, nyingine zimepandishwa, nyingine zimeshushwa. Mnielewe kwa nini napenda neno hili: tunachokifanya kwa mahindi ndicho tunachokifanya kwa sauti. Mwaka 1958, kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, mtunzi Iannis Xenakis alitoa kipande cha chini ya dakika tatu, Concret PH. Malighafi yake ilikuwa sauti ya makaa yanayowaka. Makaa! Alikata ile milio ya tiki-tiki vipande vifupi, akavirundika tabaka juu ya tabaka kwa mkasi na tepu, hadi ikawa kama mvua ya vioo. Leo kijana mwenye jiko la mkaa uani na kompyuta ya mtumba anaweza kuanza pale pale alipoanzia Xenakis, na kwa jioni moja akafanya kazi ambayo yeye ilimchukua siku nyingi za mkasi. Mkanada Barry Truax alipotengeneza Riverrun mwaka 1986, alikuwa wa kwanza kuifanya kompyuta isage hivyo papo hapo, huku mtu anasikiliza.

La tatu, kuiweka sauti ndani ya mahali, ndilo lililoniita hapa.

Efekti yake vijana wa studio wanaiita rivabu. Ni ule mkia wa sauti baada ya sauti kwisha, kuta zikirudishiana. Kuna namna nyingi za kuitengeneza, ila iliyo sahihi kuliko zote ni hii. Unakwenda mahali, unapasua puto. Mpasuko ni sauti fupi yenye karibu masafa yote ndani yake, mazito na membamba kwa pamoja. Mahali panajibu. Ukilirekodi jibu hilo, umepata alama ya mahali pale, kama alama ya kidole. Kisha programu inachukua sauti yako kavu, yenye nukta 44,100 katika kila sekunde, na kwa kila nukta inazalisha lile jibu la mahali kwa ukubwa unaolingana na nukta hiyo, halafu inayajumlisha yote. Sauti yako inakuwa kana kwamba ilitolewa kule.

Sasa fungueni programu yoyote ya aina hii msome orodha ya mahali palipowekwa tayari. Kumbi za muziki. Makanisa makuu. Vyumba vya studio maarufu. Karibu vyote ni vya Ulaya na Marekani, na vingi ni vya mawe. Kijana wa Mwanza anarekodi mawimbi ya ziwa, anabonyeza kitufe, mawimbi yanaingia kanisani Ulaya. Ukiongeza ile efekti ya mng'aro, ambayo Eno na Daniel Lanois waliipa umaarufu, inayorudisha mwangwi ukiwa oktavu moja juu, basi kila kitu kinakuwa kitakatifu kwa namna moja. Sina ugomvi na makanisa hayo; ni majengo yenye sauti za ajabu. Ugomvi wangu ni na kutojua.

Mwanamuziki Pauline Oliveros alijua. Oktoba 1988 yeye na wenzake wawili walishuka ndani ya tangi kubwa tupu la maji chini ya ardhi huko Fort Worden, jimbo la Washington, akiwa na kodiani yake. Humo mwangwi hudumu sekunde 45. Hesabuni sekunde 45 mkiwa nyumbani, mtaona ni ndefu kiasi gani. Ukipiga noti, unapaswa kungoja, kwa sababu noti iliyopita bado inaishi na itakaa meza moja na hii mpya. Tangi likawa kama mwanamuziki wa nne. Na mtunzi Alvin Lucier, mwaka 1969, aliketi chumbani akasema maneno machache kwa kigugumizi chake, akayarekodi, akayapiga kwenye spika ndani ya chumba hicho na kuyarekodi tena, kisha tena, na tena. Kila mzunguko chumba kiliyapenda masafa yake na kuyakuza, hadi maneno yakayeyuka na chumba chenyewe kikaanza kuimba. Zoezi hili halihitaji kifaa zaidi ya simu mbili. Lifanyieni sebuleni kwenu usiku umeme ukiwa umetulia. Mtaijua nyumba yenu upya.

Umeme nao unavuma. Transfoma ya mtaani, friji, taa za duka: kwetu umeme huenda na kurudi kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na transfoma hunguruma kwa hezi 100, juu kidogo ya noti ya Sol ya besi. Marekani na Kanada ni hezi 60. Mtunzi R. Murray Schafer, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliandika kwamba wanafunzi wake wa Kanada walipoombwa watulie na kuimba noti inayowajia yenyewe, waliangukia mara nyingi noti iliyo karibu na hiyo 60, na wa Ulaya iliyo karibu na 50. Mvumo tusiousikia ndio unaotushika shingo.

Hapa nimtaje Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la KMRU, kijana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1997. Babu yake, Joseph Kamaru, alikuwa mwimbaji mkubwa wa Kikuyu, akafariki mwaka 2018, na mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu. Muziki wake mwenyewe uko mbali sana na gitaa la babu. Albamu yake Peel, ya mwaka 2020, ni mivumo mirefu iliyolala juu ya rekodi za mazingira. Baadaye alihamia Berlin. Natur, ya mwaka 2024, ameitengeneza kwa kunasa mawimbi ya sumaku-umeme yasiyosikika kwa sikio tupu, yale yanayotoka kwenye vifaa na nyaya. Nami nikiisikiliza huwaza kwamba mtu huyu amevuka bara zima, na hezi zake 50 zimemfuata.

Mwingereza Chris Watson alikuja kwetu kwa njia nyingine. Tarehe 17 Oktoba 2002 alirekodi Masai Mara tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja jioni, saa 14, akazibana kuwa dakika 18. Kipande kinaitwa Ol-Olool-O. Ni kazi ya fundi, na ninaipenda: kunakucha, jua linapanda, radi inakuja, giza linaingia, na hakuna mahali unapoona mshono. Ila nikiwapigia wanafunzi kipande hiki pamoja na kazi ya KMRU wanapambanua bila kufundishwa. Watson anasikiliza kama mgeni aliyekaribishwa vizuri, makini, hataki kukosa kitu. KMRU anasikiliza kama mtu aliyelala nyumbani kwao, macho yamefumba, na mlango unajifunga chumba cha pili. Namna zote mbili zina heshima. Ila ya pili tunayo sisi, na tunaitumia kidogo mno.

Kwa vijana mnaotaka kuanza kesho, machache ya mkononi.

Simu yako inatosha kwa mwanzo, lakini ijue tabia. Simu imefundishwa kwamba maneno ya mtu ndiyo habari na vingine vyote ni kelele; kwa hiyo itapunguza upepo, wadudu na mvua, yaani itakifuta hicho ulichokifuata. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima usafishaji huo na inayohifadhi faili za WAV. Faili za MP3 hutupa kile ambacho sikio lisingekigundua kwa mwendo wa kawaida. Ukizinyoosha mara 20, mashimo yote yanajitokeza, unasikia kama mtu anasukutua maji.

Acha nafasi juu ya kipimo cha sauti. Wahenga walishasema ngoma ikivuma sana hupasuka, na rekodi iliyopasuka haina daktari.

Kaa. Vyura wa masika hunyamaza unapofika. Baada ya dakika kumi hivi wanasahau kwamba upo, na hapo ndipo rekodi yako inapoanza. Nyenje huimba juu, kwenye hezi elfu kadhaa, ambako sikio linachoka upesi. Ukiwashusha oktavu tatu, yaani ukipunguza mwendo mara nane, utakuta ndani ya ule ukelele mmoja kuna mapigo, vikundi, majibizano.

Na kuna sauti ambazo nashauri mziache. Niliwahi kurekodi alfajiri Mji Mkongwe, adhana za misikiti zikianza moja baada ya nyingine, zikipishana juu ya mapaa kama zinapokezana. Hakuna mwangwi wa kompyuta unaofikia hapo. Nikarudi nyumbani, nikaifungua faili, mkono wangu uko kwenye kitufe cha kunyoosha. Nikaondoa mkono. Adhana ni wito, na anayeitwa anajua anaitwa wapi. Ningeinyoosha, ningeondoa wito na kubakiza uzuri wake kama ngozi ya mnyama ukutani. Mwingine anaweza kuamua vinginevyo kwa dhamira safi, lakini faili ile bado iko kwangu, haijaguswa.

Swali hilo ni kubwa kuliko mimi. Huko Tervuren, Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati, zimehifadhiwa rekodi za sauti za watu wa bara hili. Walioimba humo wengi hawakuzisikia tena. KMRU alizitumia kutengeneza Temporary Stored, albamu ya mwaka 2022. Anaziacha zisikike kwa muda, zinazama kwenye mvumo, zinaibuka. Jina la albamu linasema zimehifadhiwa kwa muda, na ukilitamka ukiwa Afrika Mashariki, maneno hayo "kwa muda" yana uzito wake. Sauti zile nazo zina kwao.

Nimalizie na kazi yangu ndogo, ambayo tutaisikiliza sasa.

Pwani ya mashariki ya Unguja kuna mivinje. Majani yake ni membamba kama nyuzi, na upepo wa kusi ukiingia humo haupigi kelele, unavuma. Kila mtu aliyekulia huko anaujua mvumo huo hata usingizini. Kuurekodi ni kazi ngumu, kwa sababu upepo huo huo unaoimba kwenye mti unaipiga maiki makofi. Nilijaribu kofia ya manyoya, nikajaribu kujificha nyuma ya shina. Mwishowe nilichukua kile kidude cha shaba kinachotoa mlio kwenye saa za mezani, nikakiunga waya, nikakifunga kwenye shina lenyewe kwa mpira wa baiskeli. Kidude hicho hakisikii hewa, kinasikia mtetemo wa kitu kinachokigusa. Nikavaa hedifoni. Mti mzima ulikuwa unanguruma kwa ndani, chini kabisa, na kila tawi kubwa lilipoyumba, sauti ilipinda kidogo na kurudi. Nilikaa hadi mawimbi yalipofika miguuni.

Sikuinyoosha rekodi hiyo. Nimeishusha oktavu moja tu. Kilichobaki kilikuwa kuipa mahali.

Kuna tangi la zege la zamani, tupu, kwenye uwanja mmoja wenye mlinzi mzee. Nilimwomba ruhusa, nikamweleza kwamba nataka kushuka ndani nipasue maputo. Alinitazama kwa muda.

"Unatafuta sauti?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nataka kujua tangi linajibu vipi."

"Basi ukishuka nitafunga mfuniko. Ukiuacha wazi, sauti inatorokea juu. Sisi tulipokuwa tunalisafisha tulikuwa tunaimba humo, mfuniko umefungwa. Wazi halina raha."

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu jambo hili, na hakuna kilichonipa shauri jema kuliko hilo. Nilishuka na taa ya kichwani na maputo sita. Alifunga. Niliyapasua moja moja, nikiacha nusu dakika kati ya moja na jingine. Mwangwi ulidumu kama sekunde tisa, mzito chini, umekatika juu, una kitu cha unyevunyevu ndani yake. Hauna dalili ya kanisa. Ni wa zege letu, mchanga wetu na mikono ya waliolijenga, na tangu siku hiyo sijafungua orodha ya kumbi za Ulaya.

Kipande ni cha dakika 11. Mtasikia mvinje ndani ya tangi, hakuna kingine kilichoongezwa, ila karibu na dakika ya saba nimeacha rekodi moja ya tangi lenyewe, bila mti. Humo kuna sauti ya mtu anayeimba kwa mbali, juu ya zege. Ni yule mzee, alikuwa ananisubiri. Nilimpelekea nikampigia, nikamwuliza kama niitoe. Akasema, "Iache, ila uwaambie zamani nilikuwa naimba vizuri zaidi." Nimewaambia. Mwishoni kabisa kuna mlio mkubwa wa chuma, msishtuke. Huo ni mfuniko unafunguliwa.

Naomba taa.

[Taa zilizimwa kwa mara ya pili.]